Mita, futi au pishi? Ulinganisho kwa mwanafunzi anayesitasita

Tulikuwa wanne chumbani, dakhalia, na mchele wa mapembe umo kwenye ndoo. Zamu ya kupika ilikuwa ya mwenzetu wa Micheweni, Pemba. "Vibaba viwili vitatosha," akasema. Wa Mjini akacheka hata akaegemea ukuta. "Kibaba? Wewe umeletwa na meli ya Seyyid Barghash?" Wa tatu, aliyekuwa akisoma ujenzi kama mimi, alikwishatoa simu anapiga hesabu ya gramu ngapi kwa kila mtu. Ila chumba kizima hakikuwa na kibaba wala mizani. Mmoja akachota mchele kwa kikombe cha chai, mwingine akatia maji kwa kikombe chengine kikubwa zaidi, na wali ukatoka bokoboko.

Miaka imepita, na sasa mimi ndiye ninayewapokea vijana wa vyuo wakija fildi kwenye majengo. Mzozo ule ule naukuta kwao. Mmoja anaona haya kutamka "futi" kwa sababu mwalimu wake aliikata kwa kalamu nyekundu. Mwengine anatamka "inchi" kila baada ya sentensi mbili ili mafundi wamuone mwenzao. Na watoto wa mashamba wanaficha pishi na pima kama mtu anayeficha lafudhi. Wote wananiuliza swali moja: nishike kipimo kipi?

Kwanza tuziweke mezani njia zenyewe, maana ni tatu, si mbili. Ya kwanza ni metriki: mita, kilo, lita na watoto wao. Ya pili ni vipimo vya Muingereza: inchi, futi, wari, ratili, eka, maili. Ya tatu ni vipimo vya kienyeji: shibiri, mkono, pima, kibaba, kisaga, pishi, frasila, pamoja na vile visivyoandikwa kitabuni kama fungu, karai na gari la ng'ombe. Watu wengi huzitia hizi mbili za mwisho kapu moja wakaziita "za zamani". Hilo ni kosa. Tangu 1959 inchi ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo futi moja ni milimita 304.8 ukiwa Wete au ukiwa London. Pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa ncha hadi ncha, yangu na yako hazilingani hata tukisimama bega kwa bega.

Nitazilinganisha kwa mambo haya: wepesi wa hesabu, nani atakuelewa, kifaa unachohitaji, wenzako watakuonaje, na ukikosea utalipa nini. Hilo la nne wengine wataliona la kitoto. Mimi naliona ndilo linaloamua mambo mengi chuoni kuliko hesabu, ingawa hakuna anayekiri.

METRIKI

*Hesabu.* Hapa haina mpinzani. Kila kitu ni kumi na sifuri zake, na zaidi ya hapo vipimo vyake vinajuana. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na inaingia kwenye kijisanduku cha sentimita kumi kila upande. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba ya Fuoni itawekewa tangi la lita 1,000 juu ya dari, huhitaji kitabu: likijaa ni tani moja ya maji, na ni mita moja ya ujazo. Unajua pale pale kwamba zile mbao ulizopanga kuliwekea hazitalibeba. Jaribu hesabu hiyo hiyo kwa galoni, ratili na futi za ujazo, utatafuta jedwali.

*Anayekuelewa.* Mwalimu, msahihishaji wa mtihani, mfamasia, muuza nyama, na mnunuzi yeyote mwenye mzani. Kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani wanauza kwa kilo. Karafuu kavu ikifika kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Zanzibar (ZSTC) inapimwa kwa kilo na daraja. Ambao hawatakuelewa mara moja ni fundi bomba, seremala na mvuvi, na hao ndio utakaokutana nao siku ya mwanzo ukitoka darasani.

*Kifaa.* Rula na mizani, tena mizani ya kuaminika. Na hapa pana jambo ambalo darasani halisemwi. Mzani wa kuning'iniza ufukweni ni wa mnunuzi, si wa muuzaji. Mama aliyebeba gunia lake la mwani hana njia ya kujua kama ule mshale unasema kweli, labda awe na kipimo chake mwenyewe cha kulinganishia. Kipimo sahihi kilichomo mkononi mwa mtu mmoja tu si lazima kiwe cha haki kwa wawili.

*Wenzako.* Dukani hakuna anayekugeukia ukisema nusu kilo. Lakini jaribu kumwambia fundi "mita moja nukta mbili mbili", atamtazama mwenzake, atatabasamu, kisha atasema, "Sawa, kijana wa chuo." Jina hilo litakukaa mpaka fildi iishe.

*Ukikosea.* Kosa la metriki ni la nukta. Sirapu ya mtoto, mililita 5 na mililita 0.5, tofauti ni kidoa kimoja cha wino lakini dozi ni mara kumi. Ukiandika, weka sifuri kabla ya nukta, kila siku.

*Kinamfaa nani.* Yeyote anayesoma sayansi, afya, uhandisi au biashara, na yeyote ambaye kazi yake itasomwa na mtu asiyemjua.

FUTI, INCHI NA JAMAA ZAO

Rula ya skuli ina pande mbili. Upande mmoja sentimita 30, upande wa pili inchi 12. Katika miaka yote ya skuli hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza ule upande wa pili ni wa nini. Nikamaliza nikidhani ni pambo. Halafu siku ya kwanza kazini fundi akaniambia, "Nipe futi," nikaanza kumuuliza futi ngapi. Alikuwa anataka ile tepu. Kwetu tepu yenyewe inaitwa futi, hata kama inasomwa kwa mita. Hapo ndipo nilipojua nimetoka chuo nikiwa nusu bubu.

*Hesabu.* Watu wa metriki huzidharau bila kuzijua. Kumi na mbili inagawika kwa mbili, tatu, nne na sita bila mabaki. Kumi inagawika kwa mbili na tano tu. Seremala anayegawa kabati la futi moja mafungu matatu anapata inchi nne nne, safi. Wa metriki atapata sentimita 10.16 na kuendelea kukwaruza kichwa. Na inchi yenyewe inakatika nusu, robo, thumuni, kwa jinsi ile ile mtu anavyokunja karatasi. Ukitaka kujumlisha ndipo mambo yanapoharibika: futi 7 na inchi 9, ujumlishe futi 5 na inchi 8. Ukipata 13 na 5 bila kusita, umezaliwa kwenye karakana.

*Anayekuelewa.* Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe au Chake Chake usikilize. Mbao ni "mbili kwa nne" na "mbili kwa mbili", hizo ni inchi. Tofali ni la inchi sita au la inchi tano. Bomba ni la nusu au la robo tatu, na hakuna anayetaja inchi kwa sababu haina haja. Bati ni la futi kumi. Kisha unaulizia nondo, unajibiwa milimita 12 au 16! Saruji nayo ni mfuko wa kilo 50. Nyumba moja, lugha mbili, na muuzaji anazichanganya bila hata kupumua. Nje ya ujenzi wapo wengine: runinga ya inchi 32, ndege inayotua Uwanja wa Karume inahesabu urefu wa angani kwa futi, na wazamiaji wa Nungwi na Kendwa wana wageni wa aina mbili. Kikomo cha mzamiaji wa cheti cha mwanzo ni mita 18. Mmarekani anakijua kwa futi 60. Mwanafunzi wa utalii asiyeweza kuhama haraka kutoka moja kwenda nyengine atabaki kubeba mitungi.

Na ardhi. Huu ni utani wa historia ninaoupenda sana. Mita ilizaliwa Ufaransa, katika mapinduzi yao, kwa nia ya kuondoa vipimo vya mabwana. Mapinduzi yetu ya 1964 yakaja kugawa ardhi kwa wakulima, na ikagawiwa eka tatu tatu, kipimo cha Muingereza aliyekuwa ndiyo kwanza ameondoka. Mpaka leo mtu akisema "ile eka tatu ya babu" hahitaji kuendelea. Mwambie ni hekta 1.2 uone kama atakujibu.

*Kifaa.* Ile ile tepu yako. Ina pande mbili, kama rula.

*Wenzako.* Kwenye jengo inchi ni kitambulisho. Kijana akisema "punguza thumuni" mafundi wanamuachia nafasi kwenye kivuli wakati wa chai. Darasani mambo yanageuka: inchi inaonekana uzembe, dalili ya mtu aliyejifunza kazi kabla ya kujifunza sababu. Nimeona wanafunzi wanaosema lugha moja asubuhi na nyengine mchana, wala siwacheki, kwa sababu ndivyo tunavyofanya hata na Kiswahili chetu wenyewe.

*Ukikosea.* Ngoja nisimulie la kwangu. Mchoro ulionesha nafasi ya mlango milimita 900. Mimi ndiye niliyesimamia ukuta, nikaacha 900 barabara, nikaipima mara mbili kwa kujivuna. Seremala, mzee mmoja mpole sana, alikuwa ameulizwa kwa simu ukubwa wa mlango, na aliyemjibu alimwambia, "Ni ule wa futi tatu." Futi tatu ni milimita 914. Fremu ikaja kwenye gari la ng'ombe siku ya Ijumaa, tukaiinua, tukaisukuma, ikagoma. Milimita 14, haifiki upana wa kidole gumba. Mzee akaweka mkono ukutani, akanitazama, akasema, "Mwanangu, ukuta wako mdogo." Nikamjibu, "Ami, fremu yako kubwa." Sote wawili tulikuwa sahihi. Tukaushika ukuta kwa patasi na nyundo mpaka karibu na magharibi, na lipu mpya ya pembeni ile mpaka leo ina rangi tofauti kidogo.

Kwa wakubwa kosa hilo hilo linapaa angani. Kanada, Julai 1983, nchi ikiwa katikati ya kuhama kutoka vipimo vya Muingereza kwenda metriki, ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ilijazwa mafuta kwa hesabu ya mkono kwa sababu vipima mafuta vyake vilikuwa vimeharibika. Zilitakiwa kilo 22,300. Hesabu ikapigwa kwa namba ya ratili kwa lita badala ya kilo kwa lita, ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta. Injini zote mbili zikazimika njiani. Rubani akaitelezesha bila injini mpaka uwanja wa zamani wa Gimli, na hakufa mtu. Angalia vizuri lakini: ratili haikuwa na kosa, kilo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa namba iliyotembea peke yake bila jina la kipimo chake.

*Kinamfaa nani.* Wanafunzi wa ufundi, ujenzi na bomba, wa utalii, wa uzamiaji na wa urubani, na mtoto yeyote ambaye siku moja atatafuta mirathi ya shamba.

PISHI, PIMA NA SHIBIRI

*Hesabu.* Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Kwa urefu, mikono minne ni pima. Ni hesabu ya kukunja mara mbili mbili, mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Shida ni kwamba pishi ni kipimo cha ujazo, hivyo uzito wake unabadilika kwa kilichomo ndani. Pishi ya mchele na pishi ya karafuu kavu haziwezi kuwa na kilo sawa. Na pana jambo jengine: kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele kinachotwa mpaka kinafanya kichuguu juu. Cha mfuto kinapitishwa kijiti ukingoni. Mama yangu Pemba alikuwa na pishi ya bati iliyobonyea ubavuni, na wateja wake walijua kwamba kwa ule ubonyeo lazima awatilie ya tele. Alipoletewa mpya isiyobonyea, akaanza kupitisha kijiti. Hapana aliyelalamika. Mkataba wote ulikuwa umo ndani ya lile bati.

*Anayekuelewa.* Wengi kuliko unavyodhani. Ramadhani ikifika ukingoni, tajiri na maskini wanarudi kwenye pishi: zakatul-fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, na hapo ndipo wa Mjini wanapopiga simu kuuliza ni kilo ngapi, wakaambiwa mbili na nusu hivi. Aliyeshindwa kufunga kwa ugonjwa usiopona atatoa kibaba kwa kila siku. Mashambani, msimu wa karafuu, mchumaji analipwa kwa pishi za mbichi alizozichuma. Zikishaanikwa kwenye majamvi na kukauka ndipo zinapohamia kwenye kilo. Mtoto wa Pemba kwa hiyo anakua akijua kwamba zao moja lina vipimo viwili, kimoja cha anayeukwea mti na kimoja cha anayeuza, na kwamba asiyejua kuhama kati yao ataibiwa na mmoja wao.

Baharini ni pima. Mvuvi anaivuta kamba yake mikono ikiwa imenyooka pande mbili, moja, mbili, tatu, mpaka jiwe liguse chini. Wanafunzi wa sayansi ya bahari wanapowahoji wavuvi huandika "pima 15", kisha jioni wanaizidisha kwa mita 1.83, kwa sababu kitabu kinasema pima ni futi sita. Wanapata mita 27 na zaidi. Lakini mvuvi mfupi mwenye pima ya mita 1.65 amekwambia mita 24.75. Karibu mita tatu zimezama katikati ya daftari na bahari. Dawa yake ni nyepesi, na wachache wanaifanya: mwambie kwa adabu, "Mzee, hebu nyoosha mikono," umuwekee tepu. Atacheka, na mahojiano yatakuwa mazuri zaidi.

Fungu nalo lina mantiki yake ambayo somo la uchumi lingefaidika nayo. Kwenye kilo, kiasi kimesimama na bei ndiyo inayopanda na kushuka. Kwenye fungu, bei imesimama, ni shilingi elfu moja mwaka mzima, na kinachopungua ni nyanya. Kwa mwanafunzi mwenye elfu moja mfukoni, fungu ni rafiki. Ukienda Darajani na elfu moja ukaulizia kilo unaweza kurudi mikono mitupu, na aibu juu.

*Kifaa.* Mwili wako, na kopo. Shibiri yangu, kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho, ni sentimita 22. Pima yangu ni mita 1.76. Nimezijua tangu mwaka wa pili, na zimenisaidia mara nyingi kuliko kikokotoo.

*Wenzako.* Hapa ndipo panapouma. Sayansi inacheka, Mjini wanacheka, na anayechekwa huwa ni yule aliyetoka mbali zaidi. "Haba na haba hujaza kibaba" tumeiandika insha tangu darasa la tatu, kisha anayekitamka kibaba jikoni anaitwa mshamba. Nilipokuwa mwanafunzi nilicheka pia, ingawa nyumbani kwetu pishi ilikuwa nyuma ya mlango.

Ni ajabu ukilinganisha na wenzetu. Mwaka 1958, wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walimlaza mwenzao Oliver Smoot juu ya daraja la Harvard, wakaweka alama, akainuka, wakamlaza tena, mpaka ng'ambo. Daraja likatoka na urefu wa Smoot 364.4 na sikio moja. Alama zile hupakwa rangi upya mpaka leo na wanafunzi wanajivunia. Smoot mwenyewe baadaye akawa rais wa ISO, shirika la kimataifa la viwango! Kupima kwa mwili wa mtu, kwao ni fahari ya chuo. Kwetu, fundi wa ngalawa anayepima kwa shibiri na mkono, na chombo chake kinakwenda baharini na kurudi, anahesabiwa hajasoma.

*Ukikosea.* Kosa lake ni dogo kila mara na halina mwisho. Halikuangushii ndege. Linakupunja kiganja kimoja leo na kiganja kimoja kesho, na huna risiti ya kumuoneshea mtu. Usijenge nguzo kwa pima wala usimpe mtoto dawa kwa kukisia.

*Kinamfaa nani.* Watafiti wa vijijini, wanafunzi wa uvuvi, kilimo, dini na lugha, na kila anayepika kwa kuchanga.

(Saa nimeiacha makusudi. Ratiba ya chuo inayosema 8:00 na mwalimu anayesema "tukutane saa nane" zimeshawakosesha watu mitihani ya kutosha, na hiyo ni makala nyengine.)

SASA, KWA HALI YAKO

Kama uko skuli bado na mtihani wa kidato cha nne uko mbele, shika metriki bila kuona haya kwa yeyote, na andika kipimo kila baada ya namba. Mengine yasubiri.

Kama unasoma ujenzi au ufundi, chora kwa milimita na zungumza kwa inchi. Ila siku ya kuagiza kitu kwa simu, usitumie jina la mazoea. Usiseme "ule wa futi tatu". Sema milimita 914 au 900, kisha mwambie akusomee alichoandika. Ningelijua hili, patasi ile ingelikaa kwenye boksi. Kwa zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) usihangaike na mita za ujazo pale chini: pima kwa ndoo ya lita 20 au karai moja lile lile, na hakikisha hakuna anayejaza la tele kwenye mchanga na la mfuto kwenye saruji.

Kama unafanya utafiti Micheweni, Mkokotoni au Makunduchi, andika kile alichosema mtu, kwa jina alilolitumia, pishi iwe pishi na gari la ng'ombe liwe gari la ng'ombe. Uhamishe kwenda metriki katika safu ya pili ya daftari, baada ya kuipima pishi yake au pima yake wewe mwenyewe. Ukifuta safu ya kwanza huwezi kuirudisha.

Kama uko utalii au uzamiaji, jifunze namba chache kwa moyo mpaka zitoke zenyewe: futi 60 na mita 18, maili moja na kilomita 1.6, ratili 2.2 kwa kilo. Mgeni hasubiri utoe simu.

Kama una shamba la urithi linalogombaniwa, ongea eka na wazee na mita za mraba na mpima ardhi. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Iandike nyuma ya kitambulisho chako cha chuo.

Na kama unahamia dakhalia mwezi huu na watu usiowajua, mtoto wa Mjini, mtoto wa Pemba na mmoja wa ujenzi, tafuteni kopo moja. Lipelekeni kwa muuza duka mwenye mzani, litieni mchele mpaka gramu 600, piga mstari pale ulipofikia, na maji yapimwe kwa kopo hilo hilo. Letu lilikuwa la maziwa ya unga. Aliyelichora mstari alikuwa yule yule wa Mjini aliyecheka, na alipomaliza akaandika juu yake kwa wino mweusi, herufi kubwa: KIBABA.